Mita 600 Kutoka Shuleni

Sheria nyingi huzunguka bungeni miaka na miaka. Ile ya New Jersey, Marekani, ilimaliza safari yake kwa miezi mitatu. Tarehe 29 Julai 1994, katika mji wa Hamilton, jirani wa ng'ambo ya barabara alimwita Megan Kanka, mtoto wa miaka 7, aje aone mtoto wa mbwa. Alimbaka, kisha akamuua. Jirani huyo alikuwa amehukumiwa mara mbili kabla ya hapo kwa makosa ya ngono dhidi ya watoto wa kike, na nyumba aliyokaa alichangia na wanaume wengine wawili wenye hatia za aina hiyohiyo. Serikali ilikuwa na habari zote hizo. Wazazi wa Megan, Maureen na Richard Kanka, hawakuwa nazo.

Dai lao halikuhitaji mwanasheria wa kulifafanua: mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kudhulumu watoto akihamia mtaani, wazazi wa mtaa waambiwe. Zaidi ya watu 400,000 walitia saini. Spika wa Bunge la jimbo, ambaye wakati huo alikuwa akiwania useneta, aliisukuma miswada kwa utaratibu wa dharura bila kuipitisha kwenye kamati, na tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo Gavana Christine Todd Whitman akaisaini. Tarehe 17 Mei 1996 Rais Bill Clinton alisaini sheria ya shirikisho iliyoyataka majimbo yote kutoa habari hizo kwa umma. Leo, katika sehemu kubwa ya Marekani, mzazi anaweza kushika simu yake na kuona picha, jina na anwani ya mtu aliyehukumiwa anayeishi karibu naye.

Msimamo wangu niuseme mapema. Wazazi hawa walidai kitu cha haki, na bila wao watoto wangeendelea kuwa suala la polisi na magereza tu, lisilowahusu raia. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, sheria zilizozaliwa na uchungu wao zilihangaika zaidi na mahali anapolala mtu aliyekwisha hukumiwa, zikasahau maswali mawili mazito zaidi: ni nani tunaowakabidhi watoto wetu kila siku, na kwa nini wengi wanaowadhulumu hawafikishwi hata kwenye hukumu. Kwa sisi tunaoishi Afrika Mashariki, ambako wabunge na wanaharakati wanazidi kudai rejista za wahalifu wa ngono, njia waliyoipita wenzetu inafaa kuchunguzwa kabla ya kuifuata.

Akina Kanka hawakuwa wa kwanza. California ilikuwa na rejista tangu 1947, ila ilikuwa ya polisi na ilibaki kwa polisi. Mambo yaligeuka wazazi walipoingia. Mwaka 1989, mjini Tacoma katika jimbo la Washington, mvulana wa miaka 7 alishambuliwa, nusura afe, na mtu mwenye historia ndefu ya kushambulia watoto aliyekuwa ametoka gerezani. Akina mama walikusanya viatu vya watoto wakavipeleka kwa gavana. Mwaka 1990 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyowaruhusu polisi kuwatangazia raia, na iliyoruhusu mtu anayehesabiwa kuwa hatari aendelee kuzuiliwa hata baada ya kumaliza kifungo. Oktoba 1989, huko Minnesota, mtu aliyeficha uso na kushika bunduki alimchukua Jacob Wetterling, miaka 11, aliyekuwa kwenye baiskeli pamoja na mdogo wake na rafiki yao. Wazazi wake, Jerry na Patty, walianzisha taasisi na kuipeleka hoja yao hadi bunge la taifa, na sheria ya shirikisho ya 1994, iliyoyataka majimbo yote kuwa na rejista, ikabeba jina la mtoto wao. Adam Walsh, aliyetekwa Florida mwaka 1981 akiwa na miaka 6, alipewa sheria ya 2006, ile iliyowagawa wahukumiwa katika madaraja matatu: wa kuandikishwa miaka 15, wa miaka 25, na wa maisha yote.

Majina haya yalikuwa na nguvu yake bungeni. Mbunge anayeuliza gharama ya kifungu fulani, au anayetaka ushahidi kwamba kitafanya kazi, anaonekana mbele ya kamera kama mtu anayebishana na mtoto aliyekufa. Nani angethubutu? Ndiyo maana miswada mingi ya namna hii ilipita bila upinzani wa maana, na ndiyo maana makosa yake yaligunduliwa baadaye, watu wakiwa wameshaanza kuyaishi.

Jambo la pili kuhusu majina hayo ni la msingi zaidi. Watoto hawa wote walichukuliwa na watu wasio wa nyumbani kwao: mgeni njiani, jirani wasiyemfahamu, mtu dukani. Habari za namna hiyo hutangazwa dunia nzima kwa sababu ni nadra. Takwimu za wizara ya sheria ya Marekani zilizochapishwa mwaka 2000, zilizotokana na kesi zilizofika polisi, zilionyesha kwamba kati ya waathiriwa wa chini ya miaka 18, asilimia 34 walidhulumiwa na ndugu wa familia na asilimia 59 na watu wanaowafahamu. Waliodhulumiwa na wageni kabisa walikuwa asilimia 7. Sheria zikaandikwa zikiwatazama hao asilimia 7.

Kilele cha mwelekeo huo kilikuja baada ya Februari 2005, Jessica Lunsford wa miaka 9 alipochukuliwa usiku kutoka chumbani kwake huko Homosassa, Florida, na kuuawa na mtu aliyewahi kuhukumiwa. Baba yake, Mark, alisimama mbele ya mabunge ya majimbo kadhaa. Florida ilipitisha kifungo kisichopungua miaka 25 kwa anayemdhulumu mtoto wa chini ya miaka 12, na kifaa cha kufuatilia nyendo baada ya kutoka. Novemba 2006 wapiga kura wa California, takriban asilimia 70 yao, walikubali pendekezo lililobeba jina la Jessica: mtu mwenye rekodi hiyo asiishi ndani ya futi 2,000, yaani mita 600 hivi, kutoka shule au bustani ambako watoto hukusanyika.

Mita 600 zinaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini chukua ramani ya mji wowote, weka alama kila penye shule, chekechea na bustani, kisha zungushia kila alama duara la ukubwa huo. Maduara yanapandana. Yakimaliza kupandana, mji umekwisha. Huko San Diego mahakama ilielezwa kwamba karibu asilimia 97 ya nyumba za kupanga zilikuwa zimefungwa kwa watu hawa, na Machi 2015 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba katazo la jumla la aina hiyo, jinsi lilivyotumika katika kaunti ile, lilivunja katiba. Sababu mojawapo inafaa kukumbukwa na kila mzazi: watu wengi walikuwa wameishia kulala nje, na mtu asiye na makazi ni mgumu kusimamiwa.

Miami ilikuwa imeliona hilo mapema. Baada ya kanuni ya futi 2,500 ya mwaka 2005, wahukumiwa waliotoka gerezani walikusanyika chini ya daraja la Julia Tuttle, juu ya maji ya ghuba, kwa kuwa palikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo kanuni haikufika. Kambi ya mahema na vibanda ilikua mpaka ikawa na watu zaidi ya 100, huku maafisa wa uangalizi wakiitambua rasmi kama makazi yao. Iliondolewa mwaka 2010. Iowa nako, sheria ya futi 2,000 ilipoanza kutumika kwa nguvu mwaka 2005, wengi waliacha kuripoti waliko. Walioinuka kuipinga huko walikuwa waendesha mashtaka wenyewe, watu ambao kazi yao ni kuwafunga wahalifu hawa. Mwaka 2006 chama chao kilitoa tamko kwamba katazo la makazi halikuwa likiwalinda watoto na kwamba lilikuwa likidhoofisha kesi, kwani mshtakiwa akijua atafukuzwa kila mahali maisha yake yote hakubali tena kukiri, na mtoto analazimika kupanda kizimbani kutoa ushahidi. Mwaka 2009 bunge la Iowa lililegeza sheria hiyo.

Utafiti ulikuja kuthibitisha waliyoyaona. Idara ya magereza ya Minnesota ilichambua, mwaka 2007, kesi 224 za watu waliotoka gerezani kisha wakarudia makosa ya ngono. Ilimtazama kila mmoja: alimpataje mwathiriwa, na umbali gani kutoka nyumbani kwake. Haikupata hata kesi moja ambayo katazo la kuishi karibu na shule lingeizuia. Wengi waliwafikia watoto kupitia mama zao, kama wapenzi au baba wa kambo, au kupitia marafiki na jamaa. Huko New Jersey kwenyewe, uchunguzi uliofadhiliwa na serikali ya shirikisho na kutolewa mwaka 2008 haukuona kwamba sheria ya Megan ilipunguza kurudiwa kwa makosa wala idadi ya waathiriwa, ilhali gharama yake ilikuwa imefika dola milioni 3.9 kwa mwaka 2007 peke yake. Na takwimu za shirikisho za 2019, zilizowafuatilia kwa miaka tisa wafungwa wa makosa ya ngono walioachiliwa mwaka 2005 katika majimbo 30, zilionyesha kuwa asilimia 7.7 walikamatwa tena kwa ubakaji au shambulio la ngono. Namba hiyo ya mwisho isomwe kwa uangalifu. Inahesabu kukamatwa, na makosa mengi ya aina hii hayafiki polisi. Hata hivyo inaondoa dhana iliyojengwa kwenye sheria nyingi, kwamba karibu kila aliyetoka atarudia.

Uingereza ilipitia moto huohuo ikatokea upande mwingine. Tarehe 1 Julai 2000 Sarah Payne, miaka 8, alitoweka karibu na nyumba ya babu na bibi yake huko West Sussex. Aliyemuua alikuwa amefungwa mwaka 1995 kwa kumteka na kumdhulumu mtoto mwingine wa kike. Mama wa Sarah, aitwaye Sara, alidai sheria kama ya Megan, na gazeti la News of the World likaanza kuchapisha picha na majina ya wahukumiwa. Agosti hiyo mtaa wa Paulsgrove, Portsmouth, ulikuwa na maandamano usiku baada ya usiku; magari yalichomwa, na familia zilikimbia nyumba zao, baadhi zikiwa hazina kosa lolote. Huko Wales daktari wa watoto alikuta mlango wake umeandikwa tusi, na aliyeandika alikuwa ameshindwa kutofautisha jina la taaluma yake na jina la uhalifu.

Serikali haikuufungua mlango wote. Ilichukua miaka kadhaa, ikajaribu mpango katika maeneo manne ya polisi kuanzia Septemba 2008, na kufikia 2011 ukaenea England na Wales yote. Mzazi anayemtilia shaka mtu fulani mwenye nafasi ya kumfikia mtoto wake, tuseme mwanamume mpya wa mama yake, kocha, au jirani anayemzoea mno, anakwenda polisi na kuuliza kuhusu mtu huyo kwa jina. Polisi wanachunguza. Wakiona kuna hatari wanamwambia yule tu anayeweza kumlinda mtoto, kwa sharti la kutunza siri. Umma hauoni orodha. Sara Payne aliukubali mpango huo kama ushindi, na mimi nauona bora kuliko ramani za mtandaoni, kwa sababu unaanzia pale hatari ilipo: kwenye uhusiano kati ya mtu mzima fulani na mtoto fulani.

Waingereza walijifunza jambo jingine kwa machungu makubwa. Agosti 2002 wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa mjini Soham na Ian Huntley, aliyekuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari ya hapo. Miaka ya 1990, katika mkoa mwingine, alikuwa ametuhumiwa mara kadhaa kwa makosa ya ngono, baadhi yakihusu wasichana wadogo. Hakuna tuhuma hata moja kati ya hizo iliyofikia hatia. Taarifa hazikuwafikia walioajiri. Uchunguzi wa Sir Michael Bichard, uliotolewa mwaka 2004, ndio uliozaa mfumo wa kuchunguza kila anayeomba kazi ya kukaa na watoto. Rejista ya waliohukumiwa isingemgusa Huntley hata kidogo.

Isingemgusa pia yule aliyemchukua Jacob Wetterling. Septemba 2016, miaka karibu 27 baada ya tukio, mtu mmoja wa eneo lilelile alikiri na kuwaonyesha polisi mabaki ya mtoto yalipo. Polisi walikuwa wamemhoji mapema kabisa, miezi michache tu baada ya utekaji. Hakuwa amewahi kuhukumiwa kwa kosa la ngono, kwa hiyo rejista yenye jina la Jacob isingekuwa na jina lake. Patty Wetterling, ambaye alipigania rejista hiyo kuliko mtu yeyote, alikuwa ameanza kusema hadharani hata kabla ya siku hiyo kwamba sheria zimepitiliza, zinawabana watu ambao hazikukusudiwa, na zinawanyima waliotumikia kifungo nafasi ya kuishi bila kudhuru tena. Maneno hayo kutoka kwake yana uzito ambao hakuna mtafiti anayeweza kuwa nao.

Miongoni mwa waliobanwa ni watoto wenyewe. Nchini Marekani, zaidi ya theluthi ya wanaofahamika na polisi kwa makosa ya ngono dhidi ya watoto ni watoto wenzao, na ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilikusanya habari za walioingizwa kwenye rejista wakiwa wadogo na kukulia humo.

Mwaka uleule ambao Hamilton ya New Jersey ilikuwa ikikusanya saini, katika Hamilton nyingine, ile ya Ontario, Canada, mchungaji wa Kimenoni aitwaye Harry Nigh alipokea simu kuhusu mtu aliyemaliza kifungo kizima kwa kudhulumu watoto na ambaye hakuwa na mtu yeyote duniani. Mchungaji alikusanya waumini wachache. Walikubaliana kukutana naye mara kwa mara, kumsaidia apate chumba na mahitaji, na kumuuliza bila aibu alikuwa wapi jana na nani. Utaratibu huo ukaenea Canada na nje yake. Minnesota iliujaribu kwa njia ya kisayansi, ikigawanya kwa kura wahukumiwa 100 waliotoka, nusu wapewe kundi la raia wa kuwasindikiza na nusu wasipewe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kuwa hatari ya kukamatwa tena kwa kosa la ngono ilipungua kwa asilimia 88 kwa waliosindikizwa. Watu 100 ni wachache, na mzazi aliyeumizwa hana deni la kumkaribisha mtu huyo mezani kwake. Lakini kama lengo ni mtoto mwingine asidhulumiwe, hii nayo ni harakati ya jamii, na imeonyesha matokeo ambayo mita 600 hazikuonyesha.

Sasa tuje nyumbani. Kenya ilipata Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, baada ya Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na sasa jaji wa Mahakama ya Juu, kuipigania mbele ya bunge lililojaa wanaume. Ili ipite ilibidi apoteze baadhi ya vifungu, na kikaingizwa kingine cha kumwadhibu mlalamishi ambaye madai yake yangeonekana ya uongo kwa adhabu ileile ya mshtakiwa. Kifungu hicho, kilichowafunga wengi mdomo, kilifutwa mwaka 2012. Wachache wanajua kwamba sheria hiyo tayari inayo mambo yanayodaiwa leo kana kwamba ni mapya. Kifungu cha 39 kinairuhusu mahakama kumtangaza aliyehukumiwa kwa kumdhulumu mtoto kuwa mhalifu hatari wa ngono na kumweka chini ya uangalizi wa muda mrefu, wenye masharti ya kazi asizofanya na mahali asipofika. Kinamtaka msajili wa Mahakama Kuu atunze rejista ya waliohukumiwa. Na ni kosa kwa mtu aliyehukumiwa kuficha hukumu hiyo anapoomba kazi inayompa mamlaka au malezi juu ya watoto.

Kwingineko barani hoja ziko hatua mbalimbali. Bunge la Uganda lilipitisha mwaka 2021 muswada wenye rejista ya wahalifu wa ngono, lakini Rais Yoweri Museveni hakuusaini. Afrika Kusini imekuwa na rejista kamili tangu 2009 chini ya sheria ya 2007, ambayo mwajiri wa shule au kituo cha watoto hutakiwa kuiuliza kabla ya kuajiri. Serikali ilipotangaza mwaka 2025 kwamba ingeifungua kwa umma, ililazimika kusita kutokana na maswali kuhusu faragha.

Swali la faragha kwetu si anasa ya wanasheria. Mwanamume akihukumiwa kwa kumbaka binti yake, ukichapisha jina lake na kijiji chake umemtaja binti. Hakuna anayehitaji kuambiwa zaidi. Na mahali ambapo mtuhumiwa wa wizi wa kuku huweza kufungwa tairi shingoni na kuchomwa kabla polisi hawajafika, orodha ya picha na anwani itafanya nini? Paulsgrove walichoma magari.

Lakini kuna tofauti kubwa zaidi kati yetu na New Jersey. Akina Kanka hawakujua. Kijijini kwetu watu wanajua. Wanajua mjomba yupi hapaswi kuachiwa mtoto, wanajua mwalimu yupi huwaita wasichana nyumbani kwake kumchotea maji, na wanajua mimba ya yule wa darasa la saba ilitoka wapi. Wazee wanaketi, mbuzi au fedha zinatolewa, inasemwa kwamba yameisha kifamilia. Kaskazini mashariki mwa Kenya kikao hicho huitwa maslaha. Siku ya kesi shahidi hatokei, na mtoto ameshapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamepitia dhuluma ya ngono kabla ya kufika miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Wa Kenya, wa 2010, ulipata asilimia 32 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Rejista ya waliohukumiwa inagusa sehemu ndogo sana ya idadi hiyo.

Ndiyo maana ushindi mkubwa zaidi wa jamii katika jambo hili, kwa maoni yangu, ulipatikana Meru mwezi Mei 2013. Katika kesi inayojulikana kama ya wasichana 160, Mahakama Kuu, chini ya Jaji J. A. Makau, iliamua kwamba polisi walivunja katiba kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko ya watoto waliobakwa, na ikawaamuru wayachunguze. Waliofika mahakamani ni wasichana wenyewe pamoja na kituo kilichowapa hifadhi. Hawakudai kujua anakoishi mbakaji, kwani walikuwa wanapafahamu. Walidai akamatwe.

Tanzania ilianzia kwenye adhabu. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilikuwa mstari wa mbele katika kampeni iliyozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998: kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka, na maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Kenya nayo ina viwango vyake vya chini, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ilikataa mahakama za chini kuvipunguza. Naelewa hasira iliyoandika viwango hivyo, na siitaki ipoe. Ila adhabu ya maisha inayomkabili baba au babu huifanya familia nzima igeuke wakili wake. Mama anaambiwa atakula nini, mtoto anaambiwa amevunja ukoo. Adhabu ikipanda bila ulinzi wa shahidi kupanda nayo, kimya ndicho kinachoongezeka.

Na hukumu yenyewe lazima isimame. Mwaka 2004 mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson, Papii Kocha, walihukumiwa kifungo cha maisha jijini Dar es Salaam kwa kuwabaka watoto wa shule ya msingi, mashtaka waliyoyakana siku zote. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais John Magufuli aliwapa msamaha. Mashabiki walishangilia; watetezi wa watoto walihuzunika na kuuliza kama wale wasichana, ambao sasa walikuwa watu wazima, walikumbukwa hata kidogo. Miezi michache baadaye, Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba baadhi ya haki zao za kusikilizwa kwa usawa zilikuwa zimekiukwa. Kesi yenye kasoro inamwacha kila mtu bila haki: mtoto hapati uhakika, mshtakiwa hapati nafasi, na masharti yoyote ambayo jamii ingetaka kuyaweka baada ya kifungo yanakosa pa kusimama.

Kuna mahali pamoja ambapo hata kwetu watu hawajui, na hapo ndipo rejista ina kazi: mtu anapohama. Mwalimu anayeondoka kimya kimya katika shule moja baada ya minong'ono, akaibuka katika nyingine umbali wa kilomita 300, anafika akiwa mgeni mwenye heshima. Tume ya walimu ya Kenya, TSC, ilitoa waraka mwaka 2010 uliowataka walimu na wakuu wa shule kuripoti dhuluma za aina hii badala ya kuzificha, na hutangaza majina ya waliofutwa kwenye orodha ya walimu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba mwajiri huyo na serikali nao wanawajibika kwa mwalimu aliyewadhulumu wanafunzi. Lakini mwalimu aliyefutwa hazuiwi na tangazo hilo kufungua darasa la masomo ya ziada sebuleni kwake. Yako pia madrasa, shule za Jumapili, vituo vya yatima vinavyofadhiliwa kutoka ng'ambo, timu za mpira za mtaani, bodaboda anayewabeba watoto watatu kila asubuhi. Huko kote mkutano wa wazazi unaweza kudai cheti cha polisi na barua ya mwajiri wa mwisho, na kupiga simu kwa mwajiri huyo, bila kungoja bunge lolote.

Kwa aliyehukumiwa, nafasi ya jamii huja mapema kuliko wengi wanavyodhani. Uangalizi wa kifungu cha 39 cha sheria ya Kenya huamriwa na mahakama, na kwa kawaida siku ya hukumu familia huwa imechoka, imesafiri mara nyingi, inataka tu kurudi nyumbani. Siku hiyohiyo mwendesha mashtaka anaweza kuombwa aitake mahakama itamke masharti: asiishi nyumba moja na yule mtoto wala wadogo zake, asifundishe, asilee, aripoti kwa afisa wa probesheni aliyetajwa kwa cheo na kituo. Bila hayo, atatoka baada ya miaka 15 au 20 na kurudi kwenye boma lilelile, ambako atawakuta watoto wa yule binti.